Cheti cha Uhuru na Kofia Kichwani

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza waliokuwa wameiweka nchi yake chini ya himaya yao tangu 1890, alitia sahihi amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Wengi wanaitaja tarehe hiyo kana kwamba watu walilala watumwa wakaamka huru. Haikuwa hivyo. Amri ilisema tu kwamba mahakama hazitasimamia tena dai la bwana juu ya mtumwa wake. Aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akauombe, na huko akaeleze atakaa wapi na atakula nini, maana asiye na makazi ya kudumu wala riziki inayojulikana aliweza kuhesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia kwa hasara ya kumpoteza mtu wake. Mtu mwenyewe hakulipwa kitu. Masuria hawakuguswa na amri hiyo hata kidogo, wakasubiri mpaka 1909.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mjadala wa kutambuliwa na heshima, ambao kwa zaidi ya miaka 30 umekuwa moyo wa nadharia hakiki ya jamii, umesimama juu ya kisa cha bwana na mtumwa. Kisa hicho kimesomwa na kufasiriwa mara zisizohesabika huko Ujerumani, Ufaransa na Marekani. Watumwa wenyewe, wenye majina na mitaa yao, hawakuulizwa sana. Sisi wa mwambao tuna ushahidi wa kuuleta mbele ya baraza hilo, na kwa maoni yangu ushahidi huo unabadilisha hukumu.

Kisa ni cha Hegel, katika kitabu chake cha mwaka 1807 kuhusu safari ya roho ya mwanadamu. Watu wawili wanakutana, kila mmoja anataka mwenzake akiri kwamba yeye ni mtu kamili. Wanapigana. Mmoja anaogopa kufa, anasalimu amri, anakuwa mtumwa. Mwingine anakuwa bwana. Lakini ushindi wa bwana una kasoro: anaheshimiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu kuwa mtu, na heshima ya namna hiyo haishibishi. Mtumwa kwa upande wake anafanya kazi, anaona dunia ikibadilika kwa mikono yake, na polepole anajijua. Mwaka 2000 mwanazuoni Susan Buck-Morss alitoa hoja kwamba Hegel alipokuwa akiandika haya alikuwa na habari za mapinduzi ya watumwa wa Haiti, ambao walijitangazia dola yao mwaka 1804. Hoja hiyo naiona ina nguvu. Inashangaza zaidi kwamba ilichukua karibu karne mbili mtu kuitamka kwa sauti.

Frankfurt, ambako nadharia hakiki ilizaliwa katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii iliyoanzishwa mwaka 1923, kisa hiki kilirudi kwa mlango wa Axel Honneth. Wazee wake wa kifikra, akina Max Horkheimer, walikuwa wameweka sharti kwamba nadharia ya jamii haitoshi ikieleza tu mambo yalivyo; lazima iwe upande wa wanaotafuta kukombolewa. Honneth, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu mapambano ya kutambuliwa, aliuliza swali ambalo wengi walilichukulia limejibiwa: ni nini hasa kinachowainua watu kupinga? Njaa peke yake haitoshi kueleza. Watu wamevumilia njaa vizazi kwa vizazi, kisha wakaasi siku walipoona wamevunjiwa ahadi au wamefanywa si watu. Chini ya migomo na maasi, alisema, kuna uchungu wa dharau. Akapanga mahitaji ya mwanadamu katika ngazi tatu: upendo wa watu wa karibu, unaompa mtu kujiamini, haki sawa mbele ya sheria, zinazompa kujiheshimu, na kuthaminiwa na jamii kwa mchango wake, kunakompa kujithamini. Kila ngazi ina jeraha lake: kupigwa na kunajisiwa, kunyimwa haki, na kudharauliwa namna yako ya kuishi.

Mpangilio huu ulipendwa kwa sababu ulisema kweli ambayo lugha ya uchumi ilishindwa kuisema. Mfanyakazi wa nyumbani anayelala sakafuni jikoni hadhulumiwi mshahara tu. Lakini Nancy Fraser wa Marekani, katika maandiko yake ya 1995 na 2000 na kisha katika kitabu alichokiandika kwa kujibizana na Honneth mwaka 2003, aliona hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba madai ya kutambuliwa kiutamaduni yanaweza kufunika madai ya mgawanyo wa mali, wakati mabepari wanaendelea kuvuna. Ya pili ndiyo ninayoiona nzito zaidi: uchungu wa moyoni si kipimo cha kuaminika. Bwana aliyezoea kuinamiwa huona amedharauliwa siku anaposalimiwa sawa na watu wengine. Mtumwa aliyelelewa kuridhika huenda asione jeraha lolote. Basi Fraser akahamisha kipimo kutoka moyoni kwenda kwenye kanuni za taasisi: je, sheria, desturi na mpango wa mali vinamruhusu kila mtu kushiriki katika mambo ya jamii akiwa sawa na wenzake? Pasipo ruhusa hiyo kuna dhuluma, hata kama hakuna anayelia.

Nakubali kipimo hicho. Hata hivyo, Honneth na Fraser wote wawili wanaacha jambo moja nyuma, na aliyeliona mapema kuliko wao ni Frantz Fanon, kijana wa Martinique aliyechapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1952. Fanon alimrudia Hegel akasema: bwana wa makoloni si bwana yule wa kitabuni. Hahitaji kutambuliwa na mtumwa. Anachotaka kwake ni kazi. Na uhuru uliotolewa na bwana, kama ule wa makoloni ya Ufaransa mwaka 1848, unamwacha aliyeupewa bado anatazama juu, akingoja kuambiwa yeye ni nani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, Glen Coulthard wa watu wa Dene huko Kanada aliichukua hoja hiyo na kuonyesha kwamba serikali ya nchi yake imejifunza kuwatambua wenyeji kwa maneno mazuri na vifungu vya katiba huku ardhi yao ikiendelea kuchimbwa.

Sasa turudi Unguja. Nani angemsoma Fanon bila kuiona amri ya 1897? Maofisa wa Kiingereza hawakuwa na haja ya kutambuliwa na Mnyamwezi au Myao aliyekuwa akiteka maji kwenye shamba la mikarafuu. Hofu yao ilikuwa karafuu zitachumwa na nani. Ndiyo maana lile swali la makazi na riziki liliwekwa mlangoni: aliyepata cheti chake cha uhuru akataka kuondoka, alikuwa na kila sababu ya kubaki kwenye shamba lile lile, safari hii kwa jina la mkulima aliyepewa mahali pa kukaa ili afanye kazi. Frederick Cooper amelieleza hilo kwa kina katika utafiti wake wa mashamba ya Zanzibar na pwani ya Kenya. Ngazi ya pili ya Honneth, ile ya haki, ilifunguliwa nusu, na aliyeifungua alishika ufunguo.

Lakini waliotoka mashambani hawakubaki wakitazama juu. Walihamia mjini kwa wingi, ng'ambo ya hori lililotenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili, mahali palipoitwa Ng'ambo, wakajenga nyumba za udongo na makuti. Kisha wakabadilisha mavazi.

Msomaji wa leo anaweza kuliona hilo jambo dogo. Wakati wa utumwa mwanamume mtumwa alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu. Kofia, kanzu na viatu vilikuwa vya waungwana. Mjakazi alijifunga kitambaa kigumu cha merikani au kaniki, na kujifunika kichwa hakukuwa ruhusa yake. Mwili ulivikwa tangazo la daraja. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Zanzibar baada ya utumwa, ameonyesha jinsi watu walioachwa huru walivyolivua tangazo hilo mara tu walipoweza: wanaume wakavaa kofia na kanzu, wanawake wakaacha kaniki wakachukua kanga, na baadaye buibui. Pesa walizozipata kwa vibarua, kwa kuuza vitafunio, kwa kushona, zilikwenda kwenye nguo kabla ya mambo mengi ambayo mwanauchumi angeyaita ya lazima.

Je, huku kulikuwa kumwiga bwana? Mtu aliyemsoma Fanon harakaharaka atasema ndiyo, ni barakoa nyingine. Mimi nasema hapana. Kofia haikuwa mali ya roho ya Kiarabu. Ilikuwa kitu kilichokatazwa kwa kanuni, na kuivaa kulikuwa kuivunja kanuni ile hadharani, njiani, mchana. Hapo kipimo cha Fraser kinafanya kazi sawasawa: kizuizi cha kushiriki kiliondolewa na waliozuiwa wenyewe, hakuna ofisa aliyetia sahihi. Kanga nayo ilikuwa vazi lililobuniwa na kukuzwa na wanawake wa mwambao. Aliyejifunga kanga mpya hakuwa akijaribu kufanana na bibi yake wa zamani. Alikuwa akitazamana na mwanamke wa nyumba ya jirani.

Hapo kwenye kutazamana na jirani ndipo ninapoona nadharia imepungukiwa. Katika maandiko mengi ya kutambuliwa, mdharauliwa anasimama chini na mwenye kutambua anasimama juu: dola, walio wengi, tabaka la wenye nacho. Ng'ambo ya mwanzo wa karne ya 20 inatuonyesha kutambuana kwa upande, baina ya watu wa chini wenyewe kwa wenyewe. Kwenye arusi, kwenye ngoma za unyago, kwenye vyama vya ngoma ya lelemama vilivyokuwa na viongozi wenye vyeo, misikitini ambako aliyekuwa mtwana alisimama safu moja na wengine, watu walipeana hadhi ambayo hakuna mahakama iliyoweza kuwapa. Ngazi ya tatu ya Honneth, ya kuthaminiwa, ilijengwa wakati ya pili ingali gofu.

Siti binti Saad ndiye kielelezo cha jambo hili. Alizaliwa Fumba miaka ya 1880 hivi, wazazi wake wa asili ya utumwa, na kwa habari za Shaaban Robert aliyeandika wasifu wake, jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Aliingia mjini mwaka 1911 akiwa muuza vyungu. Taarabu ya wakati huo ilikuwa burudani ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, katika baraza za Ng'ambo, mbele ya watu waliojua kila mtu anayesemwa katika wimbo ni nani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na zikauzwa pwani nzima. Ndipo wakubwa walipomwalika. Ona mwelekeo: hakupanda ngazi ya jumba la kifalme kwanza ili aheshimiwe mtaani. Mtaa ulimpa jina, jumba likafuata.

Aliimba nini? Pamoja na mengine, aliimba dhuluma za mahakama. Wimbo wake maarufu wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni aliyenajisiwa na kuuawa, muuaji akatoroka, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Kwa lugha ya wanazuoni, hapo kuna majeraha yote matatu ya Honneth katika kisa kimoja. Lakini zaidi ya jeraha, hapo kuna baraza. Wasikilizaji walilisikiliza shauri upya na kutoa hukumu yao, na katika hukumu hiyo ushahidi wa mwanamke maskini ulihesabika.

Na kilichofuata kinamjibu Fraser hofu yake ya kwanza. Mwaka huo huo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Nyumba zilikuwa zao, lakini viwanja vilikuwa vya wenye ardhi wa Mji Mkongwe, na kodi ambayo zamani ilikuwa ndogo, au haikuwapo kabisa kwa aliyekaa chini ya kivuli cha mfadhili wake, ilikuwa ikipanda. Wanawake wakawa mstari wa mbele. Hawakuacha heshima wakaenda kutafuta mali. Hao hao waliovaa kanga na kumsikiliza Siti ndio walioweza kusema kwa pamoja kwamba hawalipi, kwa sababu tayari walikuwa wamekwisha kutambuana kuwa watu ambao neno lao ni neno. Mgomo hauendeshwi na watu wanaojiona vibaraka. Hapo mgawanyo na heshima havishindani. Kimoja kimebebwa mgongoni na kingine.

Nisingekuwa mwaminifu kama ningeishia hapo, maana uungwana wa pwani ulikuwa na upande wa giza. Ulihitaji mtu wa kuitwa mshenzi. Elisabeth McMahon, aliyepekua kumbukumbu za mahakama za Pemba, ameonyesha jinsi heshima ilivyotoka mikononi mwa wenye nguvu ikawa jambo la mwenendo, dini na maelewano na majirani, kitu ambacho hata aliyekuwa mtumwa angeweza kukijenga. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini njia moja ya kukijenga ilikuwa kuificha asili. Katika hesabu ya watu ya 1924 wengi wa waliotoka utumwani walijiandikisha kuwa Waswahili. Kufikia ile ya 1931 jina hilo lilikuwa karibu limetoweka kwenye madaftari, kwa sababu lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na watu wakawa Wahadimu, Watumbatu, Washirazi. Vibarua wapya kutoka bara wakabaki chini ya kila mtu. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, serikali iligawa vyakula kwa kufuata makundi ya asili, na ghafla jina la kabila likawa na uzito wa mchele. Yaliyotokea katika mapinduzi ya Januari 1964 yana sababu nyingi, na sitaki kuyapunguza. Ila mtu akitaka kujua hatari ya kutambua watu kwa makundi yaliyogandishwa, ambayo Fraser pia alionya juu yake kwa maneno ya kitaalamu, Zanzibar iliilipia kwa damu.

Yote haya yangekuwa historia tu kama dirisha la ofisi, ambapo mtu anaomba kutambuliwa, lisingekuwapo bado. Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale, wengine tangu miaka ya 1930, waliishi Kenya vizazi vitatu bila kitambulisho. Bila kitambulisho mtu hapigi kura, hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, hapati hati ya shamba, na akikutana na askari jioni anajificha. Oktoba 2016 walitoka Kwale wakaenda kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, pamoja na watetezi wa haki waliowaunga mkono. Walimwona. Aliwaomba radhi, akaamuru wasajiliwe, na mwaka uliofuata Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kilifi, Kwale, Mombasa na Lamu, ambao babu zao walifuata samaki wakavuka mpaka kabla mpaka haujawa na maana, walisubiri mpaka Julai 2023. Mvuvi wa Kipemba alivua bahari ile ile na jirani zake, lakini leseni hakuweza kuipata kwa jina lake.

Furaha ya siku zile ilikuwa ya haki na siidharau hata chembe. Anayeuita utambuzi wa dola udanganyifu mtupu hajawahi kukosa karatasi. Hapa natofautiana na Coulthard kidogo: kuna watu ambao hawana anasa ya kuipa dola kisogo. Tanzania nayo, ilipowapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000, ilikuwa imeweka sharti kwanza kwamba wahame kutoka makazi yao ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakatawanyike mikoani. Sharti likaachwa, vyeti vikatolewa kuanzia 2014, na watu wakabaki kwenye mashamba waliyoyafyeka wenyewe. Huko kuliachwa sharti. Ndiyo maana uraia ule ukawa na maana.

Kinachonisumbua Kenya ni jina la mlango. Kwa nini Mmakonde alipaswa kuwa kabila, na kabila lenye nambari, ili awe raia? Sheria ya uraia ya 2011 ilikuwa tayari imefungua njia ya kusajiliwa kwa mtu asiye na utaifa aliyekuwapo nchini tangu uhuru wa 1963, na watoto wake. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana utu wa asili. Hakisemi kila kabila. Lakini usajili ulipokwama, kilichoukwamua kilikuwa tangazo la Rais, na Wanubi na Wasomali wa Kenya wanajua upande wa pili wa mlango huo: kwa miongo mingi kijana wao wa miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya upekuzi kuthibitisha ukoo, wakati mwenzake wa Nyeri alipiga picha akaenda zake. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuuondoa upekuzi huo kwa kaunti za mpakani. Hilo nalo lilitolewa kwa tangazo.

Mwanafalsafa Stephen Darwall aliandika mwaka 1977 kwamba kuna heshima tunayompa mtu kwa alivyotenda, na nyingine tunayomwia kwa kuwa tu ni mtu. Ya kwanza inaweza kusubiri ushahidi. Ya pili haisubiri chochote, na dola inayomtaka mtu ailete hoja yake dirishani kwanza imeshazichanganya. Sheria ya Kenya ya kusajili watu, katika kifungu cha 5, mpaka leo inaagiza kabila au asili ya mtu iandikwe katika daftari. Kipengele hicho kifutwe. Mzigo wa ushahidi uwe juu ya ofisi: mtu aliyezaliwa hapa, anayejulikana na majirani zake, apewe kitambulisho chake akitimiza miaka 18, na ofisa anayemkatalia aandike sababu na kuitetea mbele ya hakimu. Mmakonde ataendelea kuwa Mmakonde, na Mpemba Mpemba. Hayo wataambiana wenyewe kwa wenyewe, kama walivyofanya Ng'ambo.